Mashine Si Mbovu, Umeme Ndio Mchafu

  

Leo hatuandiki juu ya vitambulisho, wala foleni, wala safari za kwenda nchi ya tatu. Tunaandika juu ya umeme. Mtasema, sasa hawa vijana wa Masaba wamekosa la kusema? Subirini kidogo. Umeme huu ulitufanya tumfukuze mwenzetu asiye na kosa, na tunaamini kuna vikundi vingine vinafanya kosa hilo hilo sasa hivi.

Karakana yetu ni vyumba viwili vya kupanga. Chumba cha kwanza ni cha simu: kituo cha kulehemu chenye kipimo cha joto, mita, kifaa cha kutolea umeme mdogo wa kupimia simu, na kompyuta moja ya zamani. Chumba cha pili ni cha ushonaji: cherehani tatu za kawaida na cherehani moja ya kudarizi inayoendeshwa na kompyuta. Hiyo ya mwisho tulipewa na shirika moja. Ilipofika tulipiga picha nayo kama bibi harusi. Ukutani upande wa kushoto tunapakana na fundi wa kuchomelea, anatengeneza milango na madirisha ya chuma. Nyuma yetu kuna mashine ya kusaga mahindi. Mlangoni kuna mama anayekaanga rolex. Ni mtaa wa kawaida wa mpakani, kila mtu anatafuta.

Mwezi wa kwanza tulipata kazi ya kudarizi nembo kwenye sweta za shule, kabla muhula haujafunguliwa. Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Mwenzetu mmoja, kijana wa miaka 19 aliyetoka Kivu, ndiye aliyekuwa anaijua ile mashine kuliko sisi wote. Akaanza kazi. Siku ya kwanza nembo zikatoka safi. Siku ya pili sindano ikaruka, herufi zikapanda juu ya herufi, mashine ikazima na kujiwasha yenyewe. Sweta moja imeharibika. Akaanza upya. Sweta ya pili. Ya tatu. Na sweta ikishatobolewa hivyo haiuziki, unailipa wewe.

Tukamwambia unaiendesha mbio. Akapunguza mwendo, ikaendelea kuharibu. Tukasema hujaitia mafuta. Akatia mafuta mbele yetu. Mwishowe mmoja wetu akasema lile neno ambalo wote tulikuwa nalo rohoni: huyu anachezea vifaa vya ndani, labda ameuza kitu akaweka feki. Tukaifunga mashine kwenye gunia, tukailipia gari mpaka Kampala kwa fundi. Fundi akakaa nayo siku nne, ikadarizi usiku na mchana bila kukosea hata uzi mmoja. Akaturudishia akisema mashine yenu nzima.

Mngedhani hapo tungemwomba msamaha. Hapana. Tulisema, mnaona? Mikononi mwa mwingine inafanya kazi. Kwa hiyo tatizo ni mikono yake.

Yeye alikuwa ametuambia, tena mara mbili: "Angalieni, inaharibika huyo jirani akianza kuchomelea." Tukacheka. Tukamwambia mwenzio yuko nyuma ya ukuta, anachomea mlango, sindano yako inahusiana nini na mlango wa mtu? Baada ya wiki moja hakuja tena. Tukasikia amevuka, anafanya kazi upande wa Kenya.

Aliyetufungua macho ni mama wa rolex. Ana redio ya betri, ya zamani, yenye ile AM. Jioni moja akaingia amekunja uso: "Nyinyi watoto, hicho chuma chenu cha kushona kinanichafulia redio, sisikii habari, nasikia krrrr krrrr tu!" Tukamwambia mama, mashine imezimwa, tazama. Na kweli ilikuwa imezimwa. Tukanyamaza wote tukasikiliza. Redio ikilia krrrr, nyuma ya ukuta mwanga wa buluu unawaka. Redio ikinyamaza, mwanga umezimika.

Hapo ndipo aibu ilipotuingia.

Sasa tueleze kilichokuwa kinatokea, kwa lugha ya kawaida, maana wengi wetu tulifundishwa kutumia mashine na hatukufundishwa umeme unaoilisha.

Umeme wa ukutani, hapa Uganda na hata Kenya, ni volti 240, unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kama wimbi laini. Hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe. Lakini waya wa mtaa ni kama mfereji mmoja tunaochota wote. Mtu akifua nguo juu, wewe wa chini unakunywa povu. Fundi wa kuchomelea akigusisha chuma, cheche inachota umeme kwa vishindo. Grainda na dreli zina brashi za kaboni ndani zinazotoa vicheche muda wote. Chaja za bei poa na baadhi ya taa za LED zinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na za feki hazina kichujio cha kuzuia uchafu huo usirudi kwenye waya. Yote hayo ni kelele. Kwa balbu ya kawaida au pasi, kelele si kitu. Kwa mashine yenye ubongo wa kompyuta, inayohesabu hatua za mota moja moja, kelele ni kama mtu anayekupigia makelele sikioni wakati unahesabu pesa. Unapoteza hesabu. Cherehani yetu ilikuwa inapoteza hesabu.

Kelele hii inakuja kwa njia tatu. Inapita ndani ya waya. Inapita hewani, kama tulivyoisikia kwenye redio. Na inapita kwenye waya wa ardhini, ule tunaouita ethi, pale ethi inapokuwa mbovu au haipo kabisa.

Hapa kwenye ethi ndipo tunataka mtuelewe vizuri. Hebu jiulize: umeshawahi kugusa chuma cha laptop inayochaji ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye vidole? Umeshawahi kuona simu inachajiwa na chaja ya mia mbili, halafu kioo kinajibonyeza chenyewe, kinaandika herufi ambazo hujagusa? Sio mashetani. Ndani ya vifaa vingi kuna vichujio vinavyotakiwa kumwaga uchafu ardhini kupitia pini ya tatu. Kama ethi haipo, uchafu hauna pa kwenda, na mwili wa kifaa unaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 120. Mkondo wenyewe ni mdogo, kwenye kifaa kizima unakusisimua tu. Lakini mkondo huo mdogo ukipita kwenye ncha ya chuma cha kulehemu kisicho na ethi, unaweza kuua chipu ya simu ya mteja. Halafu mteja anasema wakimbizi hawa wezi, wamebadilisha bodi yangu.

Na sisi wenyewe tulikuwa tunaiua ethi kwa mikono yetu. Nani kati yenu hajachomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie? Nani hajakata pini ya tatu kwa koleo kwa sababu inasumbua? Tulifungua ekstensheni yetu, ile nyeupe yenye matundu matatu matatu. Ndani kulikuwa na waya mbili tu. Tundu la tatu ni pambo. Tukaenda kwenye soketi ya ukutani, kuna waya wa kijani, tukafurahi. Tukaufuata. Unaishia ndani ya ukuta, haujaunganishwa na chochote. Nyumba nzima haina fimbo ya ethi ardhini.

Basi tufike kwenye maoni yetu. Tuna matatu.

La kwanza, ni kwa sisi vijana. Mashine ikiharibika, swali la kwanza lisiwe "nani alikuwa anaitumia?" Liwe "ilikuwa saa ngapi?" Sisi tuliuliza nani, tukampoteza mtu. Tungeuliza saa ngapi, tungepata jibu kwa siku mbili. Baada ya ile jioni ya redio tulichukua daftari, tukachora mistari: saa, mashine imefanya nini, jirani anafanya nini, mashine ya kusaga inazunguka au hapana. Tulijaza siku saba. Hakuna fundi aliyetuambia, daftari lenyewe lilisema. Makosa ya kudarizi yalikaa palepale kwenye saa za kuchomelea. Mashine ya kusaga tuliyokuwa tunaiogopa ilikuwa na kosa lingine: ikiwashwa, taa zinafifia na kompyuta inazima, lakini haikuwa inapotosha sindano.

Hilo ni jambo la kujua. Umeme una magonjwa zaidi ya moja, na kila ugonjwa una dawa yake. Kuna kushuka kwa volti, mzigo mkubwa ukiwashwa. Kuna kuruka kwa volti, hasa umeme ukirudi baada ya kukatika, au radi ikipiga karibu. Na kuna kelele. Watu wengi wananunua stabilaiza wakidhani inatibu yote. Stabilaiza inasaidia volti zikishuka na kupanda pole pole. Kelele inapita ndani yake kama maji kwenye chujio la chai. Hata sola sio jibu moja kwa moja. Betri yenyewe ni safi kabisa, lakini inveta za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini, na hizo zenyewe ni kiwanda cha kelele. Kwa mashine yenye kompyuta, uliza inveta ya wimbi laini au usinunue.

Na usiseme huna kifaa cha kupimia. Redio ndogo ya betri yenye AM inatosha kuanzia. Itoe kwenye stesheni, iweke mahali penye mvumo tu, tembea nayo ndani ya chumba. Isogeze kwenye chaja moja moja, taa moja moja. Ikilia, zima kile kifaa uone kama inanyamaza. Sisi tulidhani adui ni jirani peke yake. Redio ikatuonyesha chaja mbili za kwetu na taa moja juu ya cherehani, tena hiyo taa tulinunua sisi wenyewe ili mwenzetu aone vizuri. FM haifai kwa kazi hii, maana imeundwa kuvumilia kelele. Ni AM.

La pili, ni kwenu ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru kwa mashine, hatusemi kwa unafiki. Lakini tunaomba mbadilishe mpangilio: kabla ya mashine, umeme. Kwenye karatasi za mradi tunaona cherehani, kompyuta, meza, viti, mafunzo, fulana zenye nembo, hata chakula cha siku ya uzinduzi. Hatujaona mstari unaosema "ethi na waya". Mkiuliza mnajibiwa kwamba waya ni kazi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye anasema nyumba yangu ni ya kulala na duka, karakana mmeleta nyinyi. Sisi tuko katikati na mashine iliyokufa. Halafu ripoti inaandikwa: vijana hawakutunza vifaa.

Tumehesabu wenyewe. Tulichotumia kuisafirisha ile mashine Kampala na kuirudisha, pamoja na sweta tulizolipa, kingetosha fimbo ya ethi, waya wake, breka, na fundi mwenye kibali, na chenji ingebaki. Jambo hili sio geni wala la kisomi sana. Alexander Graham Bell alishasajili ubunifu wa kusokota waya mbili za simu pamoja mwaka 1881, kwa sababu waya za simu zilikuwa zinaokota kelele za waya jirani. Mwaka 1934 mataifa yalikutana Paris wakaanzisha kamati ya kimataifa ya kushughulikia kelele zinazochafua redio, na kamati hiyo, CISPR, ipo mpaka leo, ndiyo inayoweka viwango ambavyo vifaa halali vinapimwa navyo. Kwa hiyo dunia inajua jambo hili tangu zamani. Ni sisi tu tunaoletewa mashine za karne hii tukazichomeke kwenye waya usio na ethi.

Na tunajua hofu yenu nyingine: kikundi kinapanga, kesho kitahama, pesa za waya zitabaki kwa mwenye nyumba. Ni hoja, hatuipuuzi. Jibu letu ni bodi ya kuhama. Tumechukua ubao, tumefunga juu yake breka inayokata mtu akipigwa na umeme, kizuizi cha volti zinazoruka, kichujio cha kelele, na soketi nne zenye waya tatu kweli kweli. Bodi ni ya kikundi. Tukihama tunaibeba begani pamoja na cherehani. Kinachobaki ni ile fimbo ya shaba ardhini. Ibaki. Mpangaji anayekuja atatushukuru.

La tatu ni gumu zaidi, nalo ni la majirani. Tulipojua kelele inatoka kwa fundi wa kuchomelea, wa kwanza kati yetu akasema twende kwa mwenyekiti wa LC1 tukamshitaki. Wa pili akasema hapana, sisi ni wageni hapa, tukishitaki mwenyeji watasema wakimbizi wamekuja kutufungia kazi. Tukakaa na woga huo wiki nzima. Mnaujua woga huo. Unafanya mtu avumilie hata lile asilopaswa kuvumilia, halafu anamalizia hasira kwa mwenzake mnyonge. Sisi tuliogopa kumuuliza jirani swali moja, lakini hatukuogopa kumwita mwenzetu mwizi.

Mwishowe tulikwenda, lakini kwa mwenyekiti kama shahidi, na tukabeba daftari na redio ya mama. Tukamsalimia fundi, tukamwambia mzee, hatukuja kukulaumu, tumekuja utusaidie kuelewa. Tukamwonyesha zile saa. Akachukua elektrodi, akagusisha, redio ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Akacheka mwenyewe: "Kumbe ndio maana hata redio ya kwangu hapa haishiki!" Mama wa rolex, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema basi ni wewe, mimi nimewagombeza watoto wa watu bure.

Tulichokubaliana sio miujiza. Yeye sasa anabana kile kibano cha kurudishia umeme kwenye chuma chenyewe anachochomea, karibu na pale anapochomea, badala ya kukibana kwenye nguzo ya jengo mbali kule. Waya zake mbili za kuchomelea anazilaza pamoja, hazitawanyi sakafuni kama kamba ya mbuzi, maana waya zikitengana zinafanya duara kubwa linalorusha kelele. Hayo yanamsaidia na yeye, moto wake umetulia. Sisi kazi ya kudarizi yenye haraka tunaifanya asubuhi mapema, kabla hajaanza, na yeye akiwa na kazi kubwa anatutumia mtoto kutuambia. Tulimwomba fundi wetu wa umeme akague na ethi yake. Hakuwa nayo. Mtu anayechomea chuma kutwa nzima bila ethi! Tukaweka na yake.

Kwa hiyo tunawaambia mashirika: ile kanuni ya hapa Uganda, kwamba msaada wa wakimbizi uguse na wenyeji, asilimia 30 kwao na 70 kwetu, sio lazima iwe kisima au darasa tu. Fimbo mbili za ethi, moja kwetu na moja kwa jirani, inatosha kuwa mwanzo mzuri. Na wenyeji wa Tororo hawahitaji kufundishwa ukarimu. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya kuharibika, Wakenya walivuka mpaka huu huu wakapokelewa hapa, kambi ya muda ikawekwa Mulanda. Aliye mwenyeji leo anajua vizuri mpaka unavyoweza kugeuka. Hata umeme wenyewe, ule wa Jinja, ulipitia Tororo kwenda Kenya tangu miaka ya 1950, bila kuulizwa kitambulisho. Ukichafuka, unawachafukia wote.

Tuwaachie na mambo mnayoweza kufanya wiki hii, bila kusubiri mradi wowote.

Sogeza mashine yenye kompyuta mbali na ukuta wa jirani mwenye cheche. Umbali ni dawa ya bure. Kelele ya hewani inapungua haraka sana ukisogea, ukiongeza umbali mara mbili mara nyingi inabaki robo au chini ya hapo. Sisi tuliihamisha cherehani kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia, na makosa yakapungua siku hiyo hiyo, kabla hata ya ethi.

Tenga waya. Mashine nyeti isichangie ekstensheni moja na pasi, grainda, friji au chaja za wateja. Ikiwezekana iwe na waya wake kutoka kwenye breka. Waya wa umeme na waya wa data visilale pamoja kama mapacha. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba.

Fupisha. Waya mrefu ni antena. Ekstensheni iliyobaki mita kumi usiizungushe ukaiweka chini ya mashine.

Tafuta ule uvimbe mweusi kwenye kebo za kompyuta za zamani, zile zinazotupwa. Unaitwa feraiti, ndani ni kama jiwe la chuma linalomeza kelele. Ule unaofunguka unaweza kuuvalisha waya mwingine. Waya ukiuzungusha ndani yake mara tatu, nguvu yake inakua karibu mara tisa. Sisi tulitoa tatu kwenye skrini zilizokufa, hatukulipa hata shilingi.

Acha kalamu kwenye soketi. Acha kukata pini ya tatu. Na usikubali mtu akuambie ondoa ethi ili kelele ipungue. Wapo wanaosema hivyo, na kuna wakati kelele hupungua kweli, lakini siku waya wa moto ukigusa mwili wa mashine, hiyo ethi ndiyo iliyokuwa ikuokoe.

Mwisho, usifungue mita, usiguse ubao mkuu wa breka, na usitie kapasita uliyookota kwenye njia ya umeme mkubwa. Kazi ya kuchimbia ethi na kufunga vichujio ni ya fundi mwenye kibali, hapa Uganda kinatolewa na ERA, na upande wa Kenya ni EPRA. Mwambie apime ethi baada ya kuifunga, na apime tena kiangazi ardhi ikikauka, maana udongo mkavu haushiki umeme vizuri kama udongo wenye unyevu. Kama fundi hana cha kupimia, bado hujapata fundi.

Hatutawadanganya kwamba sasa ni peponi. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, cherehani bado inasimama na tunaanza nembo upya. Kuna siku Yaka inaisha katikati ya kazi, hiyo haina kichujio. Lakini tangu tufunge ethi na bodi, hatujalipa sweta ya mtu.

Na mwenzetu? Tulimpigia simu. Tuliweka sauti kubwa ili wote tusikie na asikie wote tunasema. Tukamwambia ulikuwa sahihi, sisi tulikosea, na lile neno la wizi tunalifuta mbele ya kila mtu aliyelisikia. Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Halafu akauliza, "Mmeihamisha ukuta gani?" Tukamwambia wa kulia. Akasema vizuri, huko ndiko alikotaka kuiweka toka mwanzo.

Hajarudi. Ana kazi huko, na hatuwezi kumlazimisha. Sweta tulizomkata kwenye pesa yake tumemrudishia zote kwa simu. Hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Kama kwenye karakana yenu kuna kijana anayesema mashine inaharibika saa fulani, tafadhalini msimcheke. Chukueni redio na daftari, kaeni naye siku saba, kisha mtuandikie hapa mlichokuta.